Ngome ya Yesu ya Mombasa: Ilivyojengwa na Ilivyotekwa

Watu wa pwani ya Tanga hawana haja ya kusafiri mbali ili kuona majengo ya kale. Tongoni, kusini ya mji, pana msikiti uliobomoka na makaburi yenye nguzo. Pangani na Tanga yenyewe pana maboma ya wakati wa Wadachi. Lakini mtu akitaka kuona kwa macho yake kazi ya mafundi wa Italia wa wakati ule wa mwamko wa elimu, waliposoma upya vitabu vya Warumi na Wayunani na kupima kila kitu kwa bikari na kamba, hana budi kuvuka mpaka wa Horohoro na kwenda hata Mombasa. Huko, juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari, ndipo ilipo ngome ambayo Wareno waliiita Ngome ya Yesu, na ambayo wenyeji huiita Ngome tu, wala hapana aulizaye ni ngome gani.

Waalimu wengi huwapeleka wanafunzi kuitazama, nao wakirudi huandika katika insha zao kwamba kuta ni nene na mizinga ni mizito. Hayo ni kweli, lakini hayaelezi neno. Kuta nene zilikuwako duniani tangu zamani. Jambo la kuuliza ni hili: kwa nini ngome hii ina umbo lile la pembe-pembe, ambalo kaskazini ya Msumbiji halikuwa limeonekana katika pwani yetu? Na la pili: ikiwa ilipangwa kwa akili nyingi namna ile, imekuwaje ikabadili mikono mara nyingi kati ya mwaka 1631 na mwaka 1875?

Wareno walikuwa wamekwisha kuizoea pwani hii karibu miaka mia kabla ya kuijenga. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, na aliporudi kutoka Bara Hindi, mwezi wa Januari 1499, alikichoma moto chombo chake kimoja, São Rafael, kwenye miamba inayokabili Mtang'ata, yaani huku kwetu Tongoni, kwa sababu mabaharia walikuwa wamekufa wengi, na waliosalia hawakutosha kuendesha vyombo vitatu. Mombasa ilitekwa na kuchomwa na Francisco de Almeida mwaka 1505, ikapigwa tena na Nuno da Cunha mwaka 1528. Na kila mara Wareno waliondoka, watu wakarudi, mji ukajengwa upya. Rafiki yao alikuwa Mfalme wa Malindi, nao walitosheka naye.

Kilichowaondolea raha ni Mturuki mmoja, Amir Ali Bey, aliyeshuka pwani hii kutoka Bahari ya Sham katika miaka ya 1580. Wenyeji wengi walimpokea kwa furaha, na katika mwaka 1589 alikuwa Mombasa na mizinga yake. Ndipo Wareno walipoleta merikebu nyingi kutoka Goa chini ya Tomé de Sousa Coutinho. Wakati huo huo kabila la Wazimba, waliokuwa wakipanda kutoka kusini wakiharibu kila mji, walikuwa ng'ambo ya kivuko wakingoja nafasi ya kuingia kisiwani. Mombasa ikabanwa katikati, ikaangamia. Wazimba wakaendelea hata Malindi, na huko waliowavunja si Wareno bali Wasegeju. Miaka mitatu hivi baadaye Wasegeju wale wale waliishinda Mombasa na kumkaribisha Mfalme wa Malindi aje kutawala kisiwani. Sisi wa Tanga tunao Wasegeju katika vijiji vya pwani ya Mkinga mpaka leo. Basi tunaposoma kwamba Ngome ya Mombasa ni kazi ya Wareno, tukumbuke kwamba waliowafungulia njia ya kuijenga ni jamaa za majirani zetu.

Msingi uliwekwa tarehe 11 Aprili 1593, ambayo mwaka ule ilikuwa Jumapili ya Matawi. Msimamizi alikuwa Mateus Mendes de Vasconcelos, naye akawa kapteni wake wa kwanza. Waashi waliletwa kutoka Bara Hindi, na wafanya kazi kutoka Malindi. Aliyeichora ramani yake alikuwa Mwitaliano wa Milano, Giovanni Battista Cairati, mjenzi mkuu wa Wareno katika Bara Hindi. Msomaji asistaajabu kuona Mwitaliano akiwajengea Wareno. Tangu mwaka 1580 taji ya Ureno ilikuwa juu ya kichwa cha Felipe, Mfalme wa Hispania, naye ndiye aliyekuwa mtawala wa Milano vilevile. Basi fundi huyo alikuwa raia wa mfalme yule yule. Cairati alifariki mwaka 1596, katika miaka ile ile ya ujenzi.

Sasa na tuieleze elimu aliyokuja nayo. Zamani, kabla ya baruti, ngome ya Ulaya ilikuwa na kuta ndefu na nyembamba, na minara ya mviringo au ya mraba. Urefu ndio uliokuwa nguvu yake, kwa sababu adui alikuja na ngazi na mishale. Mwaka 1494 Mfalme wa Ufaransa, Charles wa Nane, aliingia Italia na mizinga ya shaba nyeusi iliyokokotwa kwa magurudumu, na kuta zile ndefu zikaanguka kama mwanzi. Ikajulikana kwamba kwa mzinga urefu ni udhaifu: ukuta mrefu ni shabaha nzuri, na ukianguka kifusi chake hujaza handaki, hata adui akapata daraja la kupitia. Mafundi wa Italia wakazishusha kuta, wakazinenepesha, wakazilaza kidogo kwa nyuma ili risasi ya mzinga iteleze badala ya kupiga uso kwa uso.

Lakini hilo lilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine ndiyo iliyozaa zile pembe. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu kwa kuchora katika mchanga. Huchora duara, nikawaambia, huu ni mnara. Wenzenu wako juu wakilenga bunduki. Haya, mmoja ajifiche wasimwone. Haupiti muda mtoto hugundua kwamba akijibana chini kabisa ya mnara, penye kitako chake, aliye juu hamwoni bila kutoa kiwiliwili chake nje. Na yule aliye katika mnara wa pili? Yeye huona ubavu tu wa mnara huu. Mbele yake pana kipande cha ardhi ambacho hakuna jicho linalokifikia. Adui akifika pale yu salama, aweza kuchimba chini ya ukuta na kutia baruti kwa utulivu. Tukiite kipande hicho kivuli cha mnara. Ukiwa na mnara wa mviringo au wa mraba, kivuli hakikosi.

Kisha huwaambia wafute duara, wavute mistari miwili kutoka kwa yule mpiga bunduki wa mnara wa pili, ikipita kando kando ya kile kivuli. Umbo linalotokea ni pembe iliyochongoka, kama ncha ya mkuki. Yaani kama mnara ungalijengwa ukakijaza kivuli chote, kusingalisalia mahali pa kujificha. Hiyo ndiyo siri yote ya buruji ya Kiitaliano. Pembe zake si pambo, wala hazikubuniwa ili kutisha. Zimechorwa na njia ya risasi ya jirani yake. Kila buruji hujilinda kwa mkono wa mwenzake, na buruji iliyo peke yake haina kazi.

Ngome ya Mombasa ina buruji nne za namna hiyo. Mbili zinaelekea bara, São Filipe na São Alberto, na mbili zinaelekea bahari, São Matias na São Mateus. Ni majina ya watakatifu, lakini msomaji atambue pia kwamba mfalme aliitwa Felipe. Mtawala wa Ureno kwa niaba yake, mpaka mwaka 1593, alikuwa Kardinali Alberto. Mjumbe wa mfalme huko Goa alikuwa Matias de Albuquerque. Na kapteni aliyesimamia ujenzi alikuwa Mateus. Watakatifu waliteuliwa kwa adabu kubwa kwa wakuu.

Mtu akisimama katika handaki la upande wa bara, lililokatwa ndani ya mwamba, ataona kwamba buruji za São Filipe na São Alberto zimefinywa zile pande zinazotazamana. Mahali palipofinywa ndipo palipowekwa mizinga, imerudi nyuma kidogo, hata adui aliyesimama mbele asiione. Akikimbilia ukuta wa katikati, mizinga hiyo humpiga ubavuni kutoka kulia na kushoto. Upande wa bahari, kati ya buruji mbili, pametokeza jukwaa la mizinga juu ya maji, kwa ajili ya merikebu. Na pana njia ya matao iliyokatwa katika mwamba kutelemka pwani, ili watu na vyakula viingie kutoka mashuani bila kupita mjini.

Umbo lote likitazamwa kutoka juu hufanana na mtu aliyelala chali, kile kilichotokeza baharini kikiwa kichwa, na buruji zikiwa mikono na miguu. Viongozi wa wageni hulisema sana jambo hili, na wengine huongeza kwamba Wareno waliuchora mwili wa Bwana wetu kwa sababu ya jina la ngome. Kwa maoni yangu hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Mafundi wa Italia walikuwa wamejifunza kwa Vitruvius, Mrumi wa kale, kwamba vipimo vya jengo zuri vifuate vipimo vya mwili wa mwanadamu. Na mmoja wao, Francesco di Giorgio Martini, alichora kabisa picha ya mtu ambaye ngome imekaa kichwani pake na minara kwenye viwiko na miguu yake. Cairati alilelewa katika elimu hiyo. Shirika la Mataifa linaloshughulika na elimu na utamaduni, lilipoiandika Ngome hii mwaka 2011 miongoni mwa urithi wa dunia, liliitaja sababu hiyo hiyo. Jina la Yesu ni habari nyingine: merikebu za Wareno zilisafiri chini ya msalaba wa Shirika la Kristo, na kwa watu wale kuipa ngome jina hilo lilikuwa jambo la kawaida.

Kuhusu mawe, hapo ndipo elimu ya Italia ilipokutana na pwani yetu. Cairati hakuwa na matofali wala mawe ya kuchongwa ya Milano. Alikuwa na mwamba wa matumbawe ya kale, ambao waashi wetu wa Tongoni na Kilwa waliujengea misikiti kwa mamia ya miaka, na chokaa inayopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo. Yeye aliutumia mwamba wenyewe kuwa sehemu ya ukuta: mahali pengi nusu ya chini ya kile tunachokiita ukuta ni jabali lililochongwa likasimama wima, na ujenzi umeanza juu yake. Jiwe hili lina sifa moja ambayo mafundi wa Ulaya hawakuitazamia. Jiwe gumu likipigwa na mzinga hupasuka; jiwe la matumbawe lina vitundu vitundu, nalo humeza pigo.

Ndani palikuwa na nyumba ya kapteni, nyumba za askari, birika la kukinga maji ya mvua, na kanisa. Misingi ya kanisa yaonekana hata leo katikati ya uwanja. Waarabu walipoitwaa baadaye walichimba kisima kirefu, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi, hayafai ila kuoshea. Msomaji ayakumbuke hayo maji, maana tutayarudia.

Hilo kanisa lanipa nafasi ya kusema neno juu ya lugha. Pwani yetu ina majina kadhaa ya jengo la namna hii. Boma ni neno la kwetu, ni kitalu cha miti au mawe cha kuzungushia mji au ng'ombe, nasi tukawapa Wadachi wakaliweka juu ya maofisi yao. Husuni ni la Kiarabu, na Kilwa pana Husuni Kubwa. Buruji nayo ni ya Kiarabu. Lakini gereza limetoka wapi? Wajuzi wa lugha wanatuambia kwamba limetoka katika Kireno, igreja, maana yake kanisa. Mwanafunzi akisikia hayo hucheka, au huona uchungu, na mwalimu wa dini huenda akaona vyote viwili. Njia ya neno hilo si ngumu kuifuata. Wareno waliweka kanisa ndani ya ngome, na watu wa nje hawakuona tofauti ya hili na ile. Unguja Waarabu walijenga ngome yao, ile iitwayo Ngome Kongwe, palepale palipokuwa na kanisa la Wareno, na kuta za kanisa zikaingia katika kuta za ngome. Kilwa Kisiwani ngome yaitwa Gereza mpaka leo, bila mtu yeyote kukusudia mahabusu. Hata ngome zilipokwisha kazi ya vita zikatiwa wafungwa. Ya Mombasa ilikuwa kifungo tangu mwaka 1895 hata mwaka 1958, na ile ya Lamu iliendelea hata mwaka 1984. Hivyo neno moja lilianza madhabahuni, likapita kwenye mizinga, likaishia kwenye pingu.

Basi tuje kwenye swali la pili. Ngome hii ilitekwaje?

Mara ya kwanza haikutekwa kwa vita. Mfalme Hasan bin Ahmad aligombana na kapteni, akakimbilia bara, akauawa huko mwaka 1614. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka saba hivi, alipelekwa Goa, akalelewa na mapadre wa Shirika la Mtakatifu Agostino, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, akajifunza kazi ya mizinga na ubaharia. Alirudishwa Mombasa kutawala mwaka 1626. Ikawa hali ngumu: kwa watu wake alikuwa Mkristo, kwa kapteni alikuwa Mwafrika, na Wareno wanasimulia kwamba alionekana usiku akiomba kwenye kaburi la baba yake kwa desturi ya Kiislamu. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na wafuasi wake kama mtu aliyekuja kumwamkia kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Lango lilikuwa wazi, kwani alikuwa mfalme na rafiki. Kapteni akauawa, kisha Wareno wa mjini, waume kwa wake na watoto, pamoja na mapadre na Wakristo wenyeji waliokataa kuiacha imani. Kanisa lawakumbuka watu hao kuwa mashahidi wa Mombasa. Sisi tunaolea watoto wa watu katika shule zetu hatuwezi kuisoma habari hii kwa haraka; na haifai kuisoma kwa kumlaani Yusuf tu, bila kuuliza ni nani aliyeagiza kifo cha baba yake.

Mwaka 1632 Wareno walikuja na merikebu kutoka Goa, wakaipiga Ngome yao wenyewe, wakashindwa. Ndipo walipojifunza kwamba Cairati alifanya kazi nzuri. Lakini Yusuf hakukaa. Aliiharibu kadiri alivyoweza, akaingia baharini, akawa haramia mpaka kufa kwake. Wareno wakarudi ndani bila vita. Juu ya lango pana maandishi ya kapteni Francisco de Seixas de Cabreira ya mwaka 1635, aliyeitengeneza upya.

Habari iliyo kuu kupita zote ni ya mazingiwa ya Waarabu wa Omani. Walifika mwezi wa Machi 1696, na ngome ilianguka mwezi wa Disemba 1698: ni miezi thelathini na mitatu. Ndani walikuwamo Wareno wachache, na watu wa pwani wengi waliokuwa upande wao. Waarabu hawakuwa na mizinga ya kutosha kuvunja ukuta, nao walijua; walizunguka, wakangoja. Msaada ulikuja kutoka Goa na Msumbiji mara kwa mara, ukapenya kwa upande wa bahari, na wakati mmoja msaada wenyewe ulifuatana na maradhi. Watu walikufa kwa tauni kuliko kwa risasi. Kapteni wa kwanza akafa, na wa pili, António Mogo de Melo, akafa mwezi wa Agosti 1697. Hapo ikawa hakuna Mreno wa kushika amri.

Nani basi aliyeilinda Ngome ya Yesu? Aliilinda Bwana Daud wa Faza, Mwislamu, pamoja na jamaa zake, Waafrika wachache, na wanawake ambao nao walishika silaha. Waarabu wakaja na ngazi, wakarudishwa. Kwa majuma kadhaa bendera ya Mfalme wa Ureno ilipepea kwa nguvu za mtu wa Faza peke yake, hata msaada ulipofika mwezi wa Septemba. Wako wanaosimulia vita ile kana kwamba ilikuwa msalaba upande huu na mwezi mwandamo upande ule. Huyu Bwana Daud hapati mahali katika hadithi hiyo, na kwa hiyo huachwa. Faza ilikuwa na ugomvi wake na Pate, na Pate ilikuwa na Waarabu. Siasa ya pwani ilikuwa na sababu zake yenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1697 merikebu moja ya msaada, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya ngome; wapiga mbizi wenye elimu ya mambo ya kale waliichunguza chini ya maji kati ya mwaka 1977 na 1980, na vitu vyake vimewekwa katika jumba la makumbusho humo ngomeni. Mwaka uliofuata maradhi yalirudia. Katika Disemba 1698 waliosalia hai walikuwa kama kumi na kidogo. Waarabu walipopata habari hiyo walipanda kuta usiku, na asubuhi ya tarehe 13 ngome ilikuwa yao. Siku chache baadaye merikebu za msaada kutoka Goa zilifika mlangoni mwa bandari, zikaona bendera nyekundu juu ya buruji, zikageuza tanga.

Hapa na tuirudie ile picha ya mchangani. Buruji hulindwa na mwenzake. Kwa buruji nne hesabu hiyo yataka watu wa kusimama katika kila ubavu uliofinywa, usiku na mchana. Watu kumi hawawezi kuwa mahali pote. Ukuta wa São Filipe haukuwa mwembamba zaidi mwaka 1698 kuliko mwaka 1632. Mstari wa risasi uliochorwa na Cairati ulikuwa palepale, ila mwisho wake hapakuwa na jicho. Na birika la maji ya mvua, lililotosha askari wa amani, ndilo lililopaswa kunywesha mamia waliokimbilia ndani na watoto wao.

Yaliyofuata nitayapita upesi. Mwaka 1728 Wareno walirudi wakati Omani ilipokuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwezi wa Novemba 1729 watu wa Mombasa walikwisha kuwachoka, wakawazingira, nao wakajitoa kwa njaa. Wamazrui walitawala humo karibu miaka mia. Liwali wao, Muhammad bin Uthman, aliuawa humo karibu na mwaka 1746 na watu waliotumwa kutoka Omani, na ndugu yake Ali akatoroka, akarudi usiku pamoja na watu wa mji na kuitwaa tena. Mwaka 1837 ilikwenda kwa Sayyid Said kwa sababu Wamazrui walikuwa wamegawanyika. Mara moja tu mizinga ya wakati mpya iliijaribu: Januari 1875 Akida Muhammad bin Abdallah alipoasi, manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga kwa saa kadhaa. Yule Akida akajitoa. Kuta zinasimama.

Waarabu nao waliibadili Ngome kwa kadiri ya vita vyao. Waliziinua kuta, wakaongeza vibanda vya mviringo kwenye pembe, na matundu membamba ya bunduki mahali pa nafasi pana za mizinga. Mwitaliano angalisikitika, lakini wao walipigana na watu wa mjini wenye bunduki. Juu ya buruji ya São Filipe pana nyumba yao ya karne ya kumi na nane, na chumba cha baraza cha Wamazrui kina maandishi yaliyochongwa kwa ustadi ambao mimi naupenda kuliko kitu chochote kilichoachwa na Wareno humo, isipokuwa michoro ya askari. Hiyo michoro ilikutwa ukutani katika buruji ya São Mateus: merikebu, samaki, kanisa, kinyonga, imechorwa kwa makaa na udongo mwekundu na wa manjano na watu waliokuwa zamu wakingoja.

Wafungwa walipotolewa mwaka 1958, fedha za Shirika la Gulbenkian la Ureno zilisaidia kuichimbua na kuitengeneza, na baadaye ilifunguliwa kuwa makumbusho, James Kirkman akiwa mlinzi wake wa kwanza. Mwalimu anayewapeleka watoto asianze langoni pamoja na wageni wote. Awashushe kwanza upande wa bara, katika handaki, awasimamishe chini ya ukuta wa katikati, awaulize ni wapi mtu angejificha. Kisha, bahari ikiwa imekupwa, awaonyeshe upande wa pili, mawimbi yanapoula mwamba chini ya msingi. Huko, katika miaka ya karibuni, serikali ya Kenya imelazimika kujenga ukuta mwingine wa mawe mbele ya ngome, kuuzuia mmomonyoko.